Montmartre ya Mombasa? Uchambuzi wa kisa cha vyumba vitatu nyuma ya Ndia Kuu

Kisa chenyewe ni hiki. Nyuma ya Ndia Kuu, Mji wa Kale, kuna nyumba ya ghorofa ambayo vyumba vyake vitatu vya chini vilikuwa stoo tangu mwenyewe afariki. Warithi wake ni wengi na wametawanyika. Waliwapa vijana wachoraji wa mtaani vyumba hivyo kwa kodi ya heshima tu, bila karatasi: mjomba alitoa ufunguo, kijana mmoja akaupokea, mambo yakaisha hapo. Vijana wakatoa magunia na vumbi, wakavuta taa, wakawa wanachora mlango wazi. Watalii wanaotoka Fort Jesus wakishuka kuelekea Bandari ya Kale wakaanza kuchungulia, kisha kuingia, kisha kununua.

Mafanikio hayo madogo yakazaa mambo mawili kwa mpigo. Vijana waliandika mpango wa kukigeuza kichochoro kizima kuwa mtaa wa wasanii: kuta zichorwe, pawe na viti vya kuchora sura za wageni, kahawa na mahamri pembeni, tamasha kila mwaka. Mpango wakaupa jina la "Montmartre ya Mombasa". Na dalali naye akatokea, ana mteja anayeitaka nyumba yote aifanye ya wageni, kwa bei iliyowanyima usingizi baadhi ya warithi. Familia ikagawanyika.

Mmoja wao, mama asiyependa maneno mengi, alinipa karatasi za vijana nizisome. "Hiyo Montmartre ni kitu gani," akauliza, "na mwisho wake ilimfaa nani?" Haya ni majibu yangu, nimeyapanua kidogo. Majina ya familia na ya vijana nimeyaacha, maana nyumba haijagawanywa bado na maneno ya mirathi hayataki mashahidi wengi.

Kilima kabla ya wachoraji

Montmartre ni kilima kaskazini mwa Paris, urefu wake mita 130 hivi, na leo kimo katika wilaya ya 18 ya jiji hilo. Sisi kilima hatuna. Kwa muda mrefu kile cha wenzetu kilikuwa kijiji cha watawa, mizabibu, vinu vya upepo na machimbo. Nyumba ya watawa wa kike wa Kibenedikto ilianzishwa huko miaka ya 1130, na kanisa lao la Saint-Pierre, lililotabarukiwa mwaka 1147, lingalipo. Watawa wenyewe waliondolewa na Mapinduzi ya Ufaransa. Mkuu wao wa mwisho, bibi kizee asiyeona wala kusikia, alikatwa kichwa mwaka 1794.

Chini ya kilima kulichimbwa jasi, inayochomwa na kusagwa ikawa plasta ya Paris. Mafundi wetu wa dari za jipsamu wanalijua jiwe hilo. Uchimbaji ulikiacha kilima na mashimo tumboni, hata walipokuja kujenga basilika ya Sacré-Cœur juu yake ikabidi kwanza wateremshe nguzo katika visima 83 vya kina cha mita 33 hivi, ndipo jengo likapata pa kukanyaga. Ardhi ya namna hiyo haimvutii mwenye kutaka kujenga majumba marefu ya kupangisha, na bei yake hukaa chini.

Kisha kuna ushuru. Mwishoni mwa karne ya 18 Paris ilizungushiwa ukuta wa kutoza bidhaa zote zinazoingia mjini, divai ikiwemo. Montmartre ilikuwa nje ya ukuta huo. Mtu akitoka langoni na kupanda kidogo alikunywa kwa bei nafuu, kwa hiyo vilabu na kumbi za dansi vikaota kama uyoga. Kijiji kiliingizwa rasmi jijini mwaka 1860, lakini sifa ya starehe ilikuwa imeshakolea. Miaka hiyo hiyo katikati ya Paris kulikuwa kukibomolewa kupisha barabara pana za Haussmann, mkuu wa serikali jijini aliyelijenga jiji upya, na watu wa kipato kidogo walioshindwa na kodi mpya wakahamia pembeni. Baadhi yao walipanda kilimani.

Nimekaa hapa kwa makusudi, kwa sababu karatasi ya vijana inaanza na mchoraji Picasso. Picasso alikuja nyuma sana. Kabla yake kulikuwa na ardhi mbovu, divai rahisi na vyumba ambavyo mtu asiye na kazi ya mshahara aliweza kuvilipia. Hakuna aliyepanga pawe mtaa wa wasanii. Mchoraji alifuata alichofuata dobi na fundi cherehani: kodi ndogo.

Kilikuwa pia kilima kikaidi. Mwaka 1871, baada ya Ufaransa kushindwa vita na Prussia, wakazi wa Paris walikuwa na mizinga yao, mingine waliyoichangia pesa wenyewe, na sehemu kubwa ilikuwa imeegeshwa Montmartre. Alfajiri ya tarehe 18 Machi serikali ilituma askari waichukue. Wanawake wa mtaa waliwazunguka askari, askari wakakataa kufyatua risasi, na majenerali wawili, Lecomte na Clément-Thomas, wakauawa siku hiyo hiyo. Ndivyo ilivyoanza Komuni ya Paris, yaani serikali ya wakazi wenyewe, iliyozimwa kwa damu nyingi mwishoni mwa Mei. Miaka miwili baadaye Bunge likaidhinisha basilika ijengwe juu ya kilima kile kile. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1875, jengo likakamilika mwaka 1914. Kwa miaka mingi watu wa mrengo wa kushoto waliliona kama adhabu waliyojengewa vichwani. Mwaka 2004 bustani iliyo chini ya ngazi zake ikapewa jina la Louise Michel, mwalimu wa Montmartre aliyepigana upande wa Komuni. Jengo na bustani vinatazamana hadi leo, na watalii wengi hupiga picha hapo bila kujua kuna ugomvi.

Waliochora, na waliochorwa

Mchoraji Renoir alikodi mahali katika mtaa wa Cortot, nambari 12, mwaka 1876 alipokuwa akichora dansi ya Jumapili ya ukumbi wa Moulin de la Galette. Kilabu cha Chat Noir kilifunguliwa na Rodolphe Salis mwaka 1881, kikafungwa mwaka 1897. Ukumbi wa burudani wa Moulin Rouge ukafunguliwa chini ya kilima mwaka 1889, na mchoraji Toulouse-Lautrec akauchorea mabango. Haya yamo kwenye kila kijitabu cha utalii, nayapita.

Anayenivuta mimi ni Suzanne Valadon. Alizaliwa mwaka 1865, mama yake mfua nguo, baba hakujulikana, akakulia Montmartre. Akiwa kijana alifanya kazi ya kukaa akachorwa: Renoir alimchora, Toulouse-Lautrec alimchora, Puvis de Chavannes alimchora. Huku amekaa kimya, macho yake yalikuwa kazini. Akirudi nyumbani alichora mwenyewe, hakupita shule yoyote ya uchoraji, na mwaka 1894 michoro yake ikapokelewa katika maonyesho ya Société Nationale des Beaux-Arts, mahali ambapo wanawake hawakuwa na nafasi kubwa. Baadaye akaishi na kufanya kazi katika nyumba ile ile ya mtaa wa Cortot, nambari 12, alikopita Renoir. Leo ni jumba la makumbusho la Montmartre, na studio yake imerudishwa kama ilivyokuwa.

Nilipofika hapo kwenye usomaji wangu nilirudi kwenye karatasi ya vijana kutafuta kitu, nikakikosa. Juu ya vyumba vyao vitatu, ghorofani, anaishi shangazi wa familia anayechora hina na piko kwa mabibi harusi. Mtu yeyote wa Kibokoni au Mkanyageni anajua mlango wake. Bibi harusi huketi juu ya mto, mikono na miguu imenyooshwa, naye huanza na shina la ua kwenye kifundo cha mkono, halafu majani, halafu vinukta, bila kupima na bila kufuta, maana piko ikishika ngozi haina kurudi nyuma. Hiyo ni kazi ya mstari kuliko nyingi zinazouzwa chini yake. Katika mpango wa vijana ametajwa mara moja tu, kama mkazi wa juu ambaye huenda akasumbuliwa na kelele.

Mwana wa Valadon, Maurice Utrillo, aliyezaliwa mwaka 1883, ndiye mchoraji ambaye watu wakiwaza vichochoro vya Montmartre huwa wanawaza picha zake bila kujijua: kuta nyeupe, miti mikavu, mtaa umepanda. Alikuwa mlevi wa kupindukia tangu ujana, na mama yake alimshikisha brashi kumwokoa na chupa. Picha nyingi za Utrillo zilichorwa akitazama postikadi. Mtu aliyezaliwa mtaani, mtaa uko nje ya dirisha, anauchora kutoka kwenye kadi inayouzwa kwa wageni; kisha michoro yake nayo ikawa kadi. Tangu hapo mtaa huo haujawahi kutoka kwenye postikadi.

Sasa Picasso. Alihamia mwaka 1904 katika jengo la mbao lililokuwa karakana ya piano kabla ya kukatwakatwa kuwa studio, likiitwa Bateau-Lavoir kwa kuwa lilifanana na mashua za madobi wa mto Seine. Bomba la maji lilikuwa moja kwa jengo zima. Fernande Olivier, aliyeishi naye humo, ameeleza kwamba wakati wa baridi chai iliyobaki kikombeni usiku iliganda ikawa barafu kufikia asubuhi. Ni humo, mwaka 1907, alimochora "Les Demoiselles d'Avignon", picha ya wanawake watano iliyopindua uchoraji wa Ulaya, na ambayo sura zake mbili za kulia haziwezi kuelezwa bila vinyago vya Afrika alivyoviona Paris. Juan Gris, Kees van Dongen na Max Jacob nao walipita humo. Mwaka 1909 Picasso akahama, pesa zikiwa zimeanza kuingia. Jengo liliungua mwaka 1970, likajengwa upya kwa zege.

Na punda asisahauliwe. Mwaka 1910 mwandishi Roland Dorgelès, aliyechoshwa na majigambo ya wasanii wa kisasa, alimchukua Lolo, punda wa mwenye kilabu cha Lapin Agile, akamfunga brashi mkiani, akampa karoti ili mkia uchezecheze, huku afisa wa mahakama akishuhudia na kuandika. Picha iliyotoka ikapelekwa kwenye maonyesho ya Indépendants kwa jina la mchoraji wa Kiitalia asiyekuwepo, Boronali, ikasifiwa na kukosolewa kama picha nyingine. Nimewasimulia vijana kisa hiki wakacheka sana. Mmoja aliuliza bei yake, na hilo ndilo swali la mchoraji wa kweli.

Walivyoondoka, na kilichobaki

Wasanii hawakukaa Montmartre milele, na hapa ndipo mpango wa vijana unaponyamaza kabisa. Gari la reli la kupandisha watu kilimani lilianza kazi mwaka 1900. Mteremko wa vibanda vya mabati na mbao, ulioitwa Maquis, walimoishi maskini na wachoraji wengi, ulianza kubomolewa mwanzoni mwa karne ya 20, na juu yake ikapitishwa barabara ya Junot. Mwaka 1926 mshairi Tristan Tzara alikuwa na nyumba katika barabara hiyo, iliyosanifiwa na Adolf Loos. Leo kununua nyumba hapo ni jambo la matajiri. Kuanzia mwaka 1910 reli ya chini ya ardhi ya Nord-Sud ilianza kuunganisha upande huo wa jiji na Montparnasse, kule kusini, ambako vyumba vilikuwa bado rahisi, na wachoraji wakaifuata kodi kama walivyoifuata kuja. Ilipoisha Vita Kuu ya Kwanza, kitovu cha uchoraji kilikuwa kimehama, na waliobaki kilimani waliishi sana kwa kusimulia.

Hata hivyo si kila kitu kilikwenda, na kilichobaki kilibaki kwa sababu watu fulani walikishika. Chama cha historia cha Vieux Montmartre kilianzishwa mwaka 1886, mapema sana, wakati vinu na bustani vilikuwa bado vipo vya kutetea. Aristide Bruant, mwimbaji wa vilabu, alilinunua jengo la Lapin Agile mwanzoni mwa karne ya 20 lilipokuwa hatarini kubomolewa. Kilabu kinaendelea hadi sasa. Mwaka 1920 wakazi walitangaza kwa mzaha "Komuni Huru" yao, na meya wao. Mzaha huo ulikuwa na meno, maana ulikusanya watu na pesa.

Mfano ninaoupenda ni wa mizabibu. Kulikuwa na kiwanja kitupu katika mtaa wa Saules ambacho wajenzi walikitaka. Mchoraji wa katuni Francisque Poulbot na wenzake walipiga kelele kisijengwe, na mwaka 1933 kikapandwa mizabibu. Kiwanja kinatazama kaskazini, mahali pabaya kwa zabibu, na divai yake haijawahi kusifiwa sana. Lakini zabibu haikuwa hoja. Shamba likishapandwa, likavunwa kwa sherehe kila Oktoba tangu mwaka 1934, na mapato yake yakaenda kusaidia wenye shida mtaani, nani atathubutu kulijengea? Na katika miaka ya 1930 hiyo hiyo, chini ya kilima, mtaa wa Ordener, yakakamilika majengo ya studio zaidi ya mia moja za kupangishwa wasanii kwa kodi iliyodhibitiwa. Watalii hawaendi huko. Wachoraji wako huko.

Watalii huenda Place du Tertre, uwanja wa juu karibu na basilika. Kuna wachoraji pale, ndiyo, wenye vibali vya manispaa. Wawili hugawana eneo la mita moja mraba, wakipokezana. Wanachora sura za wageni na mandhari ya kilima, wakibanwa na meza za mikahawa kila upande, huku maduka jirani yakiuza picha zilizochapwa kiwandani. Basilika hupokea zaidi ya watu milioni 10 kwa mwaka. Mwaka 2025 wakazi walitundika mabango madirishani wakilalamika kwamba mtaa wao unageuzwa uwanja wa maonyesho, kwamba nyumba zinageuka za kulaza wageni na maduka ya mkate na nyama yanaondoka. Ukisoma mpango wa vijana wetu, na viti vyake vya kuchorea sura na kahawa pembeni, hiki ndicho walichokiiga: mwisho wa hadithi wameuchukua kuwa mwanzo.

Kurudi kichochoroni

Nilimweleza mama mwenye karatasi hivi: Montmartre iliwafaa wachoraji kwa kipindi ambacho hakuna aliyewatazama, ikawafaa wenye nyumba walipoanza kutazamwa, na wakazi wa kawaida ikawafaa pale tu walipokuwa wameshika kitu mkononi, shamba, jengo, mkataba. Akaniuliza, "Na hawa wangu wameshika nini?" Ufunguo, nikamwambia.

Kwa hiyo katika kisa chetu nimeyatenga mambo matatu, na hayana uzito sawa.

La kwanza, na jepesi zaidi, ni kuta. Vijana wanataka kuchora kichochoro kizima kwa rangi ya mafuta. Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe, zimepigwa lipu ya chokaa, na ndani yake zina boriti za mikoko. Ukuta wa chokaa unapumua: unyevu wa ardhini hupanda na kutokea nje. Ukiufunika kwa rangi ya mafuta au saruji, maji na chumvi hukwama ndani, na baada ya mvua za masika mbili au tatu lipu inabambuka vipande pamoja na mchoro wako. Nenda katazame kuta zilizotiwa saruji kwenye mtaa wowote wa karibu. Tena Mji wa Kale umetangazwa eneo la kuhifadhiwa chini ya Makumbusho ya Taifa, na nje ya nyumba hakuguswi bila idhini ya ofisi ya uhifadhi. Mwaka 2018 kaunti iliagiza majengo ya mjini yapakwe nyeupe na buluu, tukaona jinsi rangi inavyoweza kuwa mjadala mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Ushauri wangu: wachore kwenye mbao na vitambaa, watundike, wateremshe. Kuta zipigwe chokaa.

La pili ni nani anayehesabiwa kuwa msanii. Mpango unasema mtaa "utaamshwa". Mama alikasirika hapo, na mimi nilimwunga mkono. Mji uliomtoa Muyaka bin Haji, ambaye beti zake zingali zinatajwa karibu karne mbili tangu afe mwaka 1840, mji ambao Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliuimbia taarab, ambao Zein l'Abdin aliupigia udi, haukulala. Wapo washona kofia za vito, mafundi wa milango, wapika halua, na shangazi wa ghorofani. Tofauti yao na vijana ni kwamba wateja wao ni watu wa hapa, na hapo ndipo ilipo nguvu. Mtalii akikosekana msimu mmoja, kama tulivyoona mara nyingi pwani hii, studio inayomtegemea yeye peke yake hufunga. Harusi hazikosekani. Nimependekeza chumba kimoja kati ya vitatu kiwe cha shangazi wakati wa mchana, wageni waingie kwa kualikwa na kwa staha, na kwamba wasichana wa mtaani wanaotaka kujifunza kuchora waanzie kwake. Vijana walikubali haraka mno. Nadhani walikuwa wakiogopa kumwomba.

La tatu ndilo linalobeba mengine. Kwa sheria ya Kenya, upangaji wa duka usio na maandishi, au wenye mkataba wa maandishi usiozidi miaka 5, ni upangaji unaolindwa: mwenye nyumba hawezi kupandisha kodi au kumtoa mpangaji bila notisi rasmi ya angalau miezi 2, na mpangaji anaweza kupinga mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara. Ndiyo maana mawakili wengi huandika mikataba ya maduka ya miaka 5 na miezi 3, ili itoke nje ya ulinzi huo. Ajabu ni kwamba makubaliano ya mdomo ya vijana wetu huenda yakawapa ulinzi kuliko karatasi nzuri ya dalali. Lakini "huenda" hiyo ni pana. Sheria inalinda mahali pa kuuzia bidhaa au kutolea huduma kwa malipo. Je, chumba cha kuchorea ambamo picha huuzwa ni duka? Wakiwa na leseni ya biashara na stakabadhi za mauzo, hoja yao ina miguu. Wakiwa na turubai na redio tu, haina. Na mkataba wa zaidi ya miaka 2 sharti usajiliwe, jambo ambalo kwa nyumba ambayo mirathi yake haijamalizwa ni gumu.

Kwa hiyo niliwaambia pande zote mbili jambo lile lile. Vijana: wekeni tamasha pembeni, kateni leseni, lipeni kodi kwa M-Pesa ili kila mwezi uwe na ushahidi, na ongezeni kodi wenyewe kabla hamjaombwa, maana kodi ya heshima ni fadhila na fadhila humalizika mjomba akifa. Familia: malizeni mirathi kwanza. Hakuna mteja wa maana atakayelipa bei aliyoitaja dalali kwa nyumba ambayo warithi wake hawajaorodheshwa kwa Kadhi, na bei itakayopunguzwa kwa sababu hiyo ni kubwa kuliko kodi ya vyumba vitatu kwa miaka mingi. Mkitaka kuuza, uzeni mkijua mnachouza. Msipotaka, lipo jambo ambalo Montmartre hawakuwa nalo na sisi tunalo tangu zamani: wakf. Warithi wakiafikiana, sehemu ya chini inaweza kuwekwa wakf kwa ajili ya kufundishia kazi za mkono, na kodi yake ikatengeneza paa. Si rahisi, na kuna wakf mjini zilizosimamiwa vibaya hadi zikaanguka. Lakini wakf haiuzwi, na dalali hana la kufanya nayo.

Si wote waliopenda. Mrithi mmoja, kijana wa biashara, aliniambia waziwazi kwamba ninamgawia mali watu wasio ndugu zake, na kwamba hao wachoraji wa Paris wenyewe walipopata pesa walihama bila kuaga. Ni kweli, walihama. Nami sikumjibu kwa hoja ya sanaa. Nilimwonyesha hesabu ya ukarabati wa boriti za ghorofani, ambazo vijana wamejitolea kuzibadilisha kwa gharama yao endapo watapewa mkataba. Aliichukua karatasi hiyo akaenda nayo kwa fundi wake aikague.

Hadi ninapoandika, warithi wamekubali kupeleka mirathi kwa Kadhi, na mteja wa dalali ameambiwa asubiri. Vijana wamelifuta jina la Montmartre kwenye mpango wao na bado hawajakubaliana jina jingine. Sahihi mbili hazijapatikana: ya ndugu aliye Muscat, ambaye simu yake hupatikana Ijumaa tu, na ya shangazi, anayesema hatii sahihi karatasi yoyote mpaka aone imeandikwa wazi kwamba ngazi ya nyuma, anakopitia bibi harusi asionekane barabarani, haitafungwa wala kuwekwa meza ya kahawa.